Kizibo, Mkeka na Pedi

Jua likielekea kuzama, senta yoyote ya kata ya Kisaka, au ya kata jirani wilayani Serengeti, mkoani Mara, haikosi wanaume watu wazima wanaocheza. Kwenye kijiwe cha bodaboda ubao wa drafti umelazwa juu ya kreti. Upande mmoja vizibo vya soda vimefunikwa, upande mwingine vimefunuliwa, na watazamaji wana kelele kuliko wachezaji. Hatua chache kutoka hapo kijana ameinamia simu, anasuka mkeka wa kubeti mechi za Ulaya. Na ndani ya chumba cha mabati chenye televisheni mbili na PlayStation 2 ya siku nyingi, fundi pikipiki mwenye mke na watoto ameshika pedi na kukaza macho.

Wote watatu wanacheza. Wa kwanza ataitwa mtu wa watu. Wa pili ataombewa mkeka utiki. Wa tatu akitoka nje atakutana na jirani atakayemwambia, "We mura, na ndevu zote hizo bado unagombania pedi na watoto wa darasa la nne?" Atacheka kidogo, atasema alikuwa anamsubiri mtu, kisha atajiondokea.

Ninamwandikia huyo wa tatu, pamoja na wenzake ambao hatuwaoni kwa sababu wanacheza kwa kujificha: mlinzi wa usiku anayecheza nyoka kwenye kitochi ili usingizi usimchukue, nesi anayepanga peremende za Candy Crush akisubiri gari la kwenda Mugumu, mwalimu ambaye simu yake ina Subway Surfers na anapoulizwa husema mwanawe ndiye aliyeipakua. Naamini hakuna kitu ndani ya gemu hizo kinachozifanya ziwe za kitoto. Tunachokipima tunapomcheka mtu huyu ni mambo mengine: tulimwona nani akizicheza kwanza, anazicheza saa ngapi, na nani anaweza kumshinda nani mbele ya watu.

Tuanze na ile ndogo kuliko zote, gemu ya nyoka. Mhandisi wa Kifini, Taneli Armanto, aliitengeneza kwa ajili ya Nokia 6110 iliyotoka mwaka 1997. Kioo cha simu ile kilikuwa na nukta 84 kwa 48 tu, nyeusi juu ya kijani. Nyoka anaanza akiwa mfupi, hasimami, na kazi yako ni kumgeuza: namba 2 juu, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Kila anapomeza nukta anarefuka. Hakuna adui anayemfuata. Anayemuua ni ukuta au mkia wake mwenyewe, kwa hiyo kadiri unavyofanikiwa ndivyo unavyojibana. Mchezaji mgeni humkimbiza nyoka moja kwa moja kwenye chakula, na baada ya dakika mbili anajikuta amejifungia ndani ya mwili wake. Aliyezoea humlaza nyoka kwa mistari, toka ukingo hadi ukingo, akirudi sambamba na mstari uliopita, huku ameacha njia moja ya kutokea pembeni. Hapo anafikiria hatua kumi mbele. Mtu anayefanya hivyo saa nane za usiku getini, baridi ikimpiga, anatumia akili yake kwa namna ambayo ningependa iheshimiwe.

Na simu ile ya kwanza haikuuzwa kwa watoto. Nokia 6110 ilikuwa simu ya wafanyabiashara, watu wa suti na mikoba. Nyoka alifika mikononi mwa kila mtu baadaye, hasa kwa Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi kichwani, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani na kufika hadi vijiji ambavyo nguzo ya umeme ilikuwa haijaonekana.

Historia ya gemu nyingine inakwenda hivyo hivyo. Tetris, ile ya matofali yanayoshuka, iliandikwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Kisovieti, akiwa na umri wa karibu miaka 30. Waliokuwa wa kwanza kunaswa nayo ni wanasayansi wenzake kazini. Karata za kwenye kompyuta, zile ambazo karani yeyote wa halmashauri anazijua, Microsoft ilizitia ndani ya Windows mwaka 1990, na sababu moja ilikuwa kuwafundisha watu wazima kutumia kipanya: kubonyeza, kushikilia, kuburuta, kuachia. Nintendo, kampuni ya Mario, ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata za kuchezwa na watu wazima. Gemu hizi zilibuniwa na watu wazima na, kwa sehemu kubwa, zikachezwa kwanza na watu wazima.

Basi zilihamiaje kwa watoto? Jibu kubwa liko kwenye rafu za maduka ya Marekani. Mwaka 1983 soko la gemu za nyumbani lilianguka vibaya huko: gemu mbovu zilijaa, wenye maduka wakabaki na mzigo usiouzika, na wengi wakaapa kutogusa tena bidhaa hiyo. Nintendo ilipotaka kuingia mwaka 1985 ililazimika kujivika sura nyingine. Mashine yake iliuzwa kama kitu cha kuchezea, pamoja na roboti ya plastiki, na ikapangwa sehemu ya vitu vya kuchezea watoto. Matangazo yakawafuata wavulana. Miaka minne baadaye kampuni ikatoa mashine ya mkononi ambayo jina lake lenyewe, Game Boy, lilimtaja mvulana, ingawa gemu iliyoibeba sokoni ilikuwa Tetris ya Pajitnov. Uamuzi wa kibiashara wa miaka ile ndio uliotengeneza sura ya mchezaji ambayo dunia nzima imeirithi, na sisi tumeirithi bila kujua ilikotoka.

Kwetu kulikuwa na sababu ya ziada. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya binafsi, ITV ikiwa miongoni mwao. Mtu aliyezaliwa Mara mwaka 1960 alifika miaka thelathini na ushee bila kuwa na kioo cha kuchezea wala cha kutazamia. Mashine za gemu za kaseti, nyingi zikiwa nakala za bei nafuu za ile ya Nintendo, zilipoingia mijini miaka ya 1990, aliyekuwa na muda na vidole vya kuzijaribu alikuwa mtoto wa nyumba yenye televisheni. Wazazi walilipia na kutazama kwa mbali. Vijijini ilichukua muda zaidi. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, na kibanda cha gemu kilifuata nyaya za umeme, au jenereta na sola pale nyaya zilipochelewa. Kilipofika senta, waliojaa mlangoni walikuwa wanafunzi, baadhi yao wakiwa na sare saa ambazo walitakiwa kuwa darasani.

Huo ndio mwanzo wa jina baya la gemu, na ulikuwa na haki yake. Mzazi aliyempa mtoto hela ya daftari, akamkuta kibandani, hakuwa na sababu ya kuipenda PlayStation. Lakini tazama kilichotokea baadaye. Yule mtoto wa mwaka 1996 aliyekuwa akimrusha Mario juu ya mashimo sasa ana miaka karibu arobaini. Ameoa, anajenga, analipa ada. Hakuiacha gemu, kama vile mwenzake aliyependa mpira wa matambara hakuacha kuupenda mpira. Nchini Marekani, ambako hesabu hizi huchukuliwa kila mwaka, wastani wa umri wa wachezaji umeshapita miaka 30. Kizazi cha kwanza kilichokua na gemu kimezeeka nazo, na lugha ya kukisema imebaki ile ya siku za kaseti.

Wengine watasema shida ni urahisi: kupanga peremende za rangi ni kazi ya akili ya mtoto. Hapa hisabati ina jibu. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Marekani walithibitisha kwamba Tetris, hata ukiambiwa mapema matofali yote yatakayoshuka, iko katika kundi la matatizo ambayo hakuna mtu aliyewahi kupata njia ya haraka ya kuyatatua yanapokuwa makubwa. Mwaka 2014 Toby Walsh wa Australia alionyesha kwamba Candy Crush nayo imo kwenye kundi la ugumu huo. Hii haina maana kwamba kila anayecheza ni mwanahisabati. Maana yake ni kwamba rangi za pipi na muziki wa kuchekesha ni nguo tu, na mwili uliovaa nguo hizo ni mzito kama ule wa drafti. Mtu anayedharau Tetris na kuheshimu drafti amedanganywa na rangi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini, na ambalo maelezo ya Marekani hayaligusi.

Kwa Wangoreme wa Kisaka na majirani zao Wakurya wa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, utoto hauyeyuki polepole. Una siku ya kuisha. Mvulana akishapita jandoni anahesabiwa na rika lake, na kuna vitu anaviacha nyuma: kufinyanga ng'ombe wa udongo machungani na kushindana kwa mambo ya wadogo. Juu ya rika kuna mpangilio mpana wa vizazi, Saai na Chuma na majina yake yanayopokezana, unaoamua nani amheshimu nani. Baba na mwana ni vizazi vinavyofuatana, na kati yao kuna umbali: mwana hamtanii baba, hamshindi kwa maneno mbele ya watu. Babu na mjukuu wako karibu, wanataniana, mjukuu anaweza kumwita babu mwenzake na wote wakacheka. Mambo haya yamelegea shuleni na mijini, lakini hayajafa. Mtu aliyelelewa ndani yake anayabeba hata akiwa amevaa jezi ya Arsenal.

Weka sasa michezo miwili juu ya mpangilio huo. Kwanza bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za nane, na kete 64. Mnaanza na kete kumi kila mmoja zikiwa ubaoni, sita kati yake ndani ya nyumba, na 22 za kunamua. Ubingwa wake unajengwa kwa miaka. Mzee anazijua nafasi ambazo kijana hajawahi kuzikuta, anahesabu mizunguko ya kete kichwani wakati kijana bado anatazama shimo. Kwa kawaida mkubwa anamshinda mdogo, na hata asipomshinda, watazamaji wana subira naye. Hapa Mara tuna mfano unaojulikana na wote: Mwalimu Nyerere alicheza bao nyumbani kwake Butiama, na sijawahi kumsikia mtu akisema Baba wa Taifa alikuwa na mambo ya kitoto. Mchezo uliwaweka watu mahali ambapo umri uliwaweka tayari.

Gemu inafanya kinyume. Kidole gumba cha mtoto wa miaka kumi na mbili kina kasi, na mtoto huyo ana jioni nyingi za mazoezi. Fundi pikipiki akikaa naye kwenye benchi moja anafungwa nne bila, na watoto ishirini wanashangilia. Ndani ya dakika kumi cheo kimepinduka hadharani. Aliyemfunga anaweza kuwa mwana wa rafiki yake, yaani, kwa hesabu za heshima, mwanawe. Hilo ndilo linalomchoma jirani aliyesimama mlangoni, na ndilo linalomfanya fundi aseme alikuwa anamsubiri mtu. Kelele kuhusu utoto inafunika hofu hiyo.

Ushahidi wake uko kwenye tofauti ndogo ambazo kila mtu wa senta anazijua. Gemu ya mpira husamehewa nusu, kwa sababu mpira wenyewe ni mazungumzo ya wakubwa. Zikiwekwa na mafundi timu za Ligi Kuu ya Bara, Simba na Yanga zikiwemo, hata mwenyekiti wa kitongoji atasimama dirishani atazame kona ikipigwa. Mario hasamehewi, na yule kijana wa Subway Surfers anayekimbizwa kwenye reli hasamehewi pia. Mtu mzima akicheza na mtu mzima mwenzake hasemwi sana. Na babu akikalishwa na mjukuu aonyeshwe nyoka kwenye simu, watu wanafurahi, kwa sababu uhusiano wa wawili hao una nafasi ya mchezo tangu zamani. Kama shida ingekuwa gemu yenyewe, babu ndiye angechekwa zaidi.

Kuna pia suala la kazi, nalo lina historia nzito nchini mwetu. Tumelelewa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotaka kila mwenye uwezo afanye kazi, asiishi kwa jasho la wengine. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvukazi, na watu walioonekana kukaa bila kazi mijini wakakamatwa na kupelekwa mashambani. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alikemea hadharani vijana wanaoshinda kwenye meza za pool saa za kazi. Mstari ni mmoja: mwenye nguvu asikae anacheza wakati wengine wanalima. Naukubali mstari huo kwa kiasi kikubwa. Mkoani Mara mwanamke anayerudi shambani na jembe begani, akimkuta mumewe kwenye meza ya mchezo saa nne asubuhi, ana kila haki ya kukasirika, na hasira yake haibadiliki ikiwa meza ni ya pool, ya drafti au ya gemu. Lakini hapo lawama ni ya saa, wala si ya chombo. Saa mbili usiku, pikipiki zimefungwa na mifugo imeingia zizini, lawama ile inakosa pa kushika.

Hata hivyo gemu ndiyo inayoendelea kulaumiwa usiku, huku jirani yake mwenye madhara makubwa zaidi akipita kama mtu wa heshima. Nazungumzia kubeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeweka bodi ya kuisimamia na kukataza walio chini ya miaka 18, na nadhani marufuku hiyo, bila kukusudia, imeupa mkeka sura ya jambo la wakubwa. Mwanamume anapoteza hela ya mbolea kwa timu ya Ureno ambayo hawezi kumtaja mchezaji wake mmoja, na watu wanamwambia pole, jaribu tena kesho. Mashine za dubwi zinameza sarafu kwenye kuta za maduka. Hakuna anayemwambia mtu wa dubwi kwamba ana utoto, ingawa anachofanya hakina mbinu wala ujuzi unaokua. Anatumbukiza, anasubiri, anapoteza. Mtu wa Mario ametoa sarafu kadhaa, amecheza, amejifunza mahali pa kuruka, ameondoka hana deni. Nikiulizwa ni yupi kati ya hao anayefanya uamuzi wa mtu mzima, sina shida ya kuchagua.

Siandiki kusafisha kila kitu. Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa wa kushindwa kujizuia na gemu kwenye orodha yake rasmi ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ziko wazi: mtu hawezi kuacha, gemu inatangulia mambo yote, na anaendelea hata kazi na ndoa zikiharibika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Watu wa namna hiyo wapo, na wanahitaji msaada. Zipo pia gemu zilizotengenezwa kwa ujanja wa kutoa hela mfukoni. Candy Crush inakupa roho tano. Zikiisha, moja inarudi baada ya nusu saa, au unanunua. Nusu saa ile imepimwa vizuri. Inatosha kumfanya mtu mzima ashughulike na jambo lingine kisha arudi, na inamchosha asiye na subira hadi alipe. Kampuni ya King iliyoitengeneza ilinunuliwa na Activision Blizzard mwaka 2016 kwa dola bilioni 5.9, na thamani hiyo ilitegemea watu wazima wenye simu na akaunti za benki. Huku kwetu wengi hawana kadi ya kununulia, kwa hiyo wanasubiri roho zirudi, jambo ambalo ni zuri kwa mfuko na kwa macho.

Faida nazo zipo, na moja nataka kuitaja kwa sababu inagusa watu wa barabarani. Katika hospitali ya John Radcliffe mjini Oxford, watafiti waliwachukua majeruhi 71 wa ajali za barabarani ndani ya saa sita baada ya ajali. Baadhi waliombwa kuikumbuka ajali kisha wakacheza Tetris kwa kama dakika 20. Katika wiki iliyofuata, hao walisumbuliwa na picha za ghafla za ajali mara chache zaidi kuliko wenzao kwa zaidi ya nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Maelezo ya watafiti ni kwamba kupanga maumbo kunaushughulisha ule upande wa akili unaohifadhi picha, kabla picha mbaya haijakaa imara. Ni utafiti mdogo, na hauifanyi Tetris kuwa dawa ya duka. Lakini dereva wa bodaboda aliyeshuhudia mwenzake akigongwa, akarudi nyumbani akacheza matofali hadi usingizi ukamchukua, huenda alikuwa anajitibu bila kuambiwa na mtu.

Wanawake nimewataja kidogo kwa sababu kibanda cha gemu hakiwataki. Msichana akiingia anatazamwa, mama akiingia anaulizwa amemfuata nani. Kwa hiyo gemu yao iko kwenye simu: saluni wakati dawa ya nywele inakolea, foleni ya kliniki, jikoni maharage yakichemka. Wao hawaitwi watoto, wanaitwa wavivu, na neno hilo linauma zaidi kwa mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Nchini Kenya, Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kulipwa ya gemu kwa ustadi wake katika Tekken, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kupata nafasi ya aina hiyo. Habari yake ilisomwa kama ajabu ya mjini. Kwa mama wa Kisaka mwenye dakika kumi za kwake kwa siku nzima, mashindano hayana maana kubwa. Anachohitaji ni kwamba dakika hizo zisihojiwe.

Tukirudi kibandani, serikali ya kijiji inaweza kufanya kitu chenye manufaa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 kwa mamlaka za wilaya inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Badala ya kufungia vibanda vyote kila mzazi anapolalamika, kisha kuvifungua kimya kimya, kijiji kinaweza kuandika mambo machache yanayotekelezeka: mwanafunzi haruhusiwi kibandani siku za shule kabla ya saa kumi jioni wala baada ya saa kumi na mbili, mwenye kibanda atakayemkaribisha kinyume cha hapo atalipa faini, na mashine ya dubwi isikae ndani ya chumba ambamo watoto wanacheza. Baada ya saa kumi na mbili benchi linabaki kwa wakubwa peke yao. Fundi pikipiki atacheza na wa rika lake, atafunga na kufungwa bila mtoto wa rafiki yake kuhesabu mabao, na jirani akipita mlangoni anaweza kuingia kuomba pedi ya pili.